Dawa ya Porini Ipimwe, Isipuuzwe

Mfugaji wa Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama, hahitaji kuelezwa thamani ya mbuzi. Mbuzi ndiye akiba ya nyumba: huuzwa mtoto anapougua, na huuzwa mtoto anapokwenda shule. Adui mkubwa wa akiba hiyo ni mnyoo anyonyaye damu katika tumbo la nne la mnyama. Kope hupauka kwa ndani, taya huvimba kwa chini, na hatimaye mnyama huanguka.

Dawa za dukani zina gharama, na zitolewapo kwa kipimo pungufu minyoo huzizoea. Usugu huo umekwisha kuonekana nchini. Ndiyo sababu wapo wanaohubiri kurejea kwenye magome na mizizi. Na wapo wasomi wanaoyadharau yote kuwa ni ushirikina. Pande zote mbili zinakosea.

Mfano ni gome la mti uitwao kitaalamu Albizia anthelmintica, litumiwalo na Wamaasai na Wasamburu. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 haukuona nafuu ya kutegemewa kwa kondoo. Mwingine wa mwaka 2004 uliona mafanikio makubwa. Hitilafu hiyo si ushahidi kwamba wazee huongopa. Yaonyesha kwamba kipimo na namna ya kuitayarisha dawa havijathibitishwa.

Aidha, si kila kijani ni chakula. Mbegu za mbono huua. Hata mtama, tegemeo la Singida, ukidumaa kwa ukame kisha ukachipua upya baada ya mvua, huwa na sumu ya sayanaidi iwezayo kumuua mnyama mwenye njaa kwa muda mfupi. Mchungaji ni mtoto. Asipofundishwa, hasara ni ya nyumba nzima.

Hapana budi basi kila mmoja atimize wajibu wake. Bwana mifugo akae na wazee, aandike majina ya miti kwa lugha ya mahali, sehemu itumiwayo na kiasi chake. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi mimea yenye sumu iliyo jirani na shule. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipokee orodha hizo na kuzipima. Wakati huo huo, mbuzi wale majani ya migunga kuliko nyasi fupi zenye umande, maana huko chini ndiko viluwiluwi vya minyoo vinakojaa.

Elimu ya wazee isiyoandikwa huzikwa pamoja nao. Nayo isiyopimwa yaweza kumzika mbuzi.