Ilimba hainyooshwi, pinda sinthesaiza!

Najua nimeadimika, mambo ya field hayo. Leo sina picha wala umbea. Nina hasira, na ninyi mabingwa wa biti wa hapa hosteli ndio mtanisikiliza.

Kila usiku ni ubishi uleule: Serum au Nexus? Ipi inapiga zaidi? Ipi wanatumia wale wa Dar? Jamani, mnachagua sinthesaiza za kwenye kompyuta kama mnavyochagua viatu vya mahafali, kwa kuangalia mguuni kwa mwenzio. Mimi nasema anzeni na swali hili: hiyo programu inaweza kuimba Kigogo?

Ngoja niwape mkasa. Likizo iliyopita nilikuwa Mvumi kwa bibi. Mjomba akanipigia ilimba, nikairekodi kwa simu, kisha nikaitandikia besi na sauti ndefu za chini kwenye laptop. Nilijiona P-Funk kabisa. Nikamsikilizisha bibi, ambaye ujana wake wote alipiga muheme. Akatulia mpaka mwisho, akauliza, "Mjukuu wangu, mbona hawa wawili wanagombana?"

Nikacheka. Nilipoirudia, nikasikia na mimi. Walikuwa wanagombana kweli.

Sababu iko hivi. Kinanda cha kawaida kinagawa oktavu moja vipande 12 vinavyolingana, kila kipande senti 100, jumla 1200. Muziki wa Kigogo hauendi hivyo. Ngazi yake inafuata zile sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja. Ukizipiga hesabu unapata karibu senti 204, 386, 702, 969, halafu 1200. Hiyo 969 ndiyo yenye utamu wake, na kinanda hakina. Kilicho karibu ni 1000, yaani kimepitiliza kwa senti 31. Sikio la bibi halihitaji kipimo kulijua hilo.

Nikamweleza mshikaji wangu mmoja, producer. Jibu lake: "Si uinyooshe tu hiyo ilimba, programu zipo." Hapo ndipo damu ilipochemka! Tunyooshe ilimba ya mjomba ili ifanane na programu iliyotengenezwa na mtu asiyewahi kufika hata Kibaigwa? Mwalimu gani anamsahihisha mtoto aliyepata ili alingane na aliyekosa?

Kinachopindwa ni sinthesaiza, na zinazokubali kupindwa zipo, tena bure. Surge XT ilikuwa ya kuuzwa, mwaka 2018 msimbo wake ukaachiwa wazi kwa kila mtu. Vital ilitoka mwaka 2020, ina toleo la bure ambalo injini yake ni ileile ya toleo la kulipia, tofauti ni wingi wa sauti za tayari. Zote mbili zinapokea faili la ngazi la Scala, ambalo ni maandishi matupu, unaliandika hata kwenye Notepad. Pima kila ulimi wa ilimba kwa programu ya simu ya kutyunia gitaa, andika senti zake, pakia, basi. Ila pima ilimba yako mwenyewe, maana kila fundi anatyuni kwa sikio lake.

Sasa linganisha na Serum. Inauzwa zaidi ya dola 180, yaani zaidi ya siku 40 za boom la 10,000. Hakuna kati yetu aliyeilipia, tusidanganyane. Tunatumia za kukrakiwa, kutoka flashi ya mtu. Flashi hiyohiyo ndiyo ilinila rasimu ya utafiti wangu wiki mbili kabla ya kukabidhi. Bure ya wizi ina bili yake, wadau.

Najua mtasema biti za klabu hazihitaji ilimba. Sawa, na Serum ni chombo kizuri, sibishi. Ila sinthesaiza nzuri tu haitoshi kuwatofautisha na kijana wa Lagos au London mwenye programu hiyohiyo na sauti zilezile za tayari. Hukwe Zawose, Mgogo wa hapahapa Dodoma, mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly na Michael Brook wa Canada, kwenye lebo ya Real World ya Uingereza, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mitambo ya umeme ilikuwemo. Hakuitwa kwa sababu anafanana nao. Na sisi tunaoweza kwenda Chamwino kwa daladala kusikiliza ngoma hizi, tunahangaika kutafuta sauti za watu.

Ile biti nimeirudia yote kwa Surge XT. Bibi bado hajaisikia, nitampelekea Desemba. Yeye ndiye atakayenipa maksi, sio ninyi.

Nawasilisha.