Hesabu Tembe Kabla ya Kumeza

Kuna dawa ambayo nyumba nyingi hazikosi. Kichwa kikigonga, mgongo ukilemaa baada ya kutwa nzima ya kuchuma majani chai, au mtoto akipata joto, mtu hutumwa dukani mbio. Huku Kenyenya, kama kwingineko Gusii, mwenye duka hukata tembe mbili na kukukabidhi. Karatasi ya maelezo hubaki kwake.

Dawa hiyo ni parasetamoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol. Ni dawa nzuri, mradi kipimo kifuatwe. Tembe ya kawaida ina miligramu 500. Mtu mzima humeza moja au mbili, akangoja saa 4 hadi 6 kabla ya kumeza tena. Asipitishe tembe 8 kwa siku nzima, usiku na mchana.

Kosa hutokea hivi. Asubuhi umemeza Panadol. Jioni pua zimeziba, ukanunua dawa ya mafua yenye jina jingine. Nyingi za dawa hizo zina parasetamoli ndani yake. Majina ni mawili, dawa ni ile ile, nawe umezidisha bila kujua.

Kinachoumia ni ini, nalo huumia kimyakimya. Siku ya kwanza huenda ukasikia kichefuchefu tu, au usisikie lolote. Siku mbili tatu baadaye ndipo ubavu wa kulia huuma na macho kuwa manjano. Kwa hiyo aliyezidisha asingoje kuugua, akimbizwe hospitali. Ipo dawa ya kuliokoa ini, nayo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita.

Anayekunywa chang'aa au busaa kila siku, na mwenye ugonjwa wa ini, amwone daktari kwanza. Mtoto naye hupimiwa kwa uzito wake, si kwa kukisia kipande cha tembe.

Tena usisahau malaria, ambayo hata milima yetu huipanda. Parasetamoli hushusha joto lakini haiui vijidudu vya malaria. Mtoto mwenye joto apelekwe akapimwe damu, hata kama amepoa na kuanza kucheza.

Basi ukitoa pesa dukani, uliza: dawa hii yaitwaje, na ina miligramu ngapi? Kuuliza si ujinga.