Ajali Ina Kinga: Funzo la Monza

Uko msemo mmoja ambao kila asemaye Kiswahili anaujua: ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa kandokando ya barabara pale watu wanapolizunguka basi lililopinduka, na ukishasemwa mazungumzo hukoma. Miezi michache iliyopita niliambiwa msemo huo nikiwa mzima, ndani ya basi lililokuwa tayari kuondoka. Nilikuwa nikiutafuta mkanda wa usalama wa kiti changu, nikaukuta umepigwa fundo na kusukumizwa chini ya kiti. Nilipomwuliza kondakta, alinijibu kwa upole, “Mzee, wewe tulia tu. Ajali haina kinga.” Abiria wenzangu wakacheka, na safari ikaanza. Tulifika salama, lakini njia nzima fikira zangu zilikuwa mbali, mahali paitwapo Monza.

Monza ni mji ulio karibu na Milan, kaskazini mwa Italia. Huko hufanyika mashindano ya magari yaitwayo Grand Prix ya Italia, yaani Tuzo Kuu ya Italia. Mashindano ya kwanza ya jina hilo yalifanyika mwaka 1921 karibu na mji wa Brescia. Mwaka uliofuata yakahamia Monza, katika uwanja uliojengwa kwa siku 110 tu ndani ya bustani iliyokuwa ya kifalme. Tangu ubingwa wa dunia wa Fomula 1 uanzishwe mwaka 1950, Grand Prix ya Italia haijakosekana hata mara moja, na ni mwaka 1980 tu ilipofanyika mahali pengine.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ulaya, nilipata siku moja kuutembelea uwanja huo. Sikwenda kutazama mashindano, na siku hiyo halikuwapo gari hata moja. Nilikwenda kuiona barabara ya zamani ya zege, ambayo kwenye kona zake iliinamishwa ubavu kwa mwinamo mkali mno, hata mtu akitaka kuipanda kwa miguu hulazimika kutambaa kwa mikono. Barabara hiyo ingali imesimama katikati ya miti, lakini Grand Prix ya Italia haijapita juu yake tangu mwaka 1961. Sababu za kuachwa kwake ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza walimu na wanafunzi, maana naamini kwamba historia ya Monza ni jibu la kutosha kwa kondakta yule.

Miaka ya misiba

Mwaka 1928 gari la Mwitaliano Emilio Materassi liliacha njia likawaangukia watazamaji; yeye pamoja na watazamaji zaidi ya 20 wakafa. Mwaka 1933 madereva watatu walikufa hapo katika siku moja. Tarehe 10 Septemba 1961, katika mzunguko wa pili, gari la Mjerumani Wolfgang von Trips liligusana na gari la Jim Clark, likapanda ukingo wa barabara hadi kwenye uzio waliposimama watazamaji. Von Trips na watazamaji 15 walipoteza maisha. Mashindano hayakusimamishwa.

Msomaji atastaajabu kusikia kwamba hayakusimamishwa. Lakini katika zama hizo watu wengi wa mchezo huo, wakiwamo madereva wenyewe, waliona kwamba kifo ni ushuru unaolipwa na kila anayependa mwendo. Nao walikuwa na “ajali haina kinga” yao, ingawa waliisema kwa lugha nyingine.

Mmoja wa waliokataa fikira hiyo ni Jackie Stewart wa Scotland, aliyepata ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix hapo hapo Monza mwaka 1965. Mwaka uliofuata, huko Spa nchini Ubelgiji, gari lake lilitoka njiani wakati wa mvua, akabanwa ndani huku petroli ikimlowesha mwili. Madereva wenzake waliokuja kumwokoa walilazimika kuazima spana kwa mtazamaji ili waung’oe usukani. Tangu siku hiyo Stewart alidai mikanda, vizuizi bora na madaktari uwanjani. Wako waliomwita mwoga.

Mwaka 1970, katika mazoezi ya Grand Prix ya Italia, Jochen Rindt wa Austria aligonga kizuizi cha kona ya mwisho baada ya kuharibika kwa sehemu ya mfumo wa breki za mbele. Mkanda alikuwa nao, lakini hakufunga kamba zinazopita katikati ya mapaja, kwa kuwa alihofia kunaswa garini endapo ungetokea moto. Mwili wake uliteleza chini ya mkanda, akafa. Pointi alizokwisha kuzikusanya zilitosha kumfanya bingwa wa dunia wa mwaka huo, naye ndiye bingwa pekee wa mchezo huo aliyepewa taji baada ya kifo.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kubadilika, ingawa kwa kusitasita. Mwaka 1972 ziliwekwa kona za kuvunja mwendo katika sehemu zilizonyooka. Mwaka 1978 magari mengi yaligongana mara baada ya kuondoka, na Ronnie Peterson wa Sweden akavunjika miguu. Wenzake walimtoa motoni, lakini msaada wa daktari ulichelewa, naye akafa siku iliyofuata. Daktari mkuu wa mashindano, Sid Watkins, akadai kwamba tangu hapo gari la daktari liyafuate magari yote katika mzunguko wa kwanza, na ikawa hivyo. Mwaka 2000 gurudumu lililochomoka lilimwua mfanyakazi wa zimamoto aliyekuwa kando ya njia. Kamba za kuyazuia magurudumu, ambazo zilikuwa zimeanza kutumika mwaka 1999, zikaimarishwa zaidi.

Mwaka 2018 magari yote yalifungwa upinde wa titani juu ya kichwa cha dereva, uitwao halo, wenye uwezo wa kustahimili uzito wa takriban tani 12. Wengi waliucheka wakisema unaharibu sura ya gari. Septemba 2021, hapo Monza, gari la Max Verstappen lilipanda juu ya gari la Lewis Hamilton, gurudumu la nyuma likakanyaga upinde huo mahali ambapo bila upinde lingekikanyaga kichwa. Hamilton alitoka garini akitembea kwa miguu yake.

Tangu mwaka 1978 hakuna dereva wa Fomula 1 aliyekufa katika Grand Prix ya Italia. Wala hii si kwa sababu magari yamekuwa ya polepole. Mwaka 1971, kabla ya kona za kuvunja mwendo, mshindi alikwenda kwa wastani wa kilomita 242 kwa saa. Mwaka 2025 Verstappen alishinda kwa wastani wa kilomita 250 kwa saa, mwendo ambao haukuwa umefikiwa na mshindi yeyote wa Grand Prix kabla yake. Mwendo umezidi, vifo vimekoma. Kilichobadilika ni ujuzi, na ujuzi huo ulipatikana kwa kuuliza baada ya kila msiba: nini kilivunjika, kwa nani, na kwa nini?

Hesabu ya Kidato cha Tatu

Mwalimu wa fizikia anaweza kuuliza habari hizi zatuhusu nini sisi tusio na magari ya mashindano. Namwomba achukue chaki tupige hesabu pamoja.

Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Gari la mashindano lenye kilo 800, likifika mwisho wa njia iliyonyooka ya Monza kwa kasi ya mita 95 kwa sekunde, yaani kilomita 342 kwa saa, lina nishati ya jouli milioni 3.6. Sasa tuchukue basi lililojaa abiria, ambalo tungamo lake tuseme ni tani 15, likienda mita 22 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 80 kwa saa. Nishati yake ni jouli milioni 3.6. Basi letu la kawaida, katika mwendo wa halali, limebeba nishati sawasawa na gari la Grand Prix lililo katika mbio zake zote! Tofauti ni kwamba la Monza limembeba mtu mmoja aliyefungwa mikanda pande zote, na letu limebeba watu hamsini na mkanda uliopigwa fundo chini ya kiti.

Tuendelee. Dereva akiongeza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kasi imeongezeka kwa robo tu, lakini nishati imeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa kasi imepigwa mraba. Na mkanda je? Abiria aendaye mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa, akizuiwa na mkanda huku bodi ya gari ikibonyea, husimama katika umbali wa karibu mita 0.7. Mpunguo wa kasi yake ni mita 140 kwa sekunde kwa sekunde, takriban mara 14 ya mvutano wa dunia. Hali hiyo ni ya kuumiza, lakini mtu huweza kuishi. Asiyefungwa mkanda huendelea na safari yake hadi akutane na chuma, na chuma humsimamisha katika sentimita 5: mara 200 ya mvutano wa dunia. Mwanafunzi akishaipiga hesabu hiyo kwa mkono wake, sidhani kama atauacha tena mkanda chini ya kiti.

Nakubali kwamba Monza kuna fedha nyingi, na kwetu ni chache. Lakini tazama yaliyookoa maisha: kuwaweka watazamaji mbali, kufunga kamba ambazo tayari zimo garini, kumweka daktari karibu. Jambo lililokuwa ghali kuliko yote ni kubadili fikira. Wala sisemi kinga ni kamili. Mwaka 2014 huko Japani, Jules Bianchi aligonga trekta lililokuwa likiondoa gari jingine, akafa mwaka uliofuata. Hata hapo wenyewe hawakusema ni bahati mbaya wakanyamaza. Mwaka 2015 ukaanza utaratibu wa kuwalazimisha madereva wote kupunguza mwendo mara moja panapotokea hatari.

Ya kutazama Septemba

Grand Prix ya Italia hufanyika kwa kawaida mwanzoni mwa Septemba, na mkataba wa Monza unaendelea hadi mwaka 2031. Mwanafunzi atakayeyaona mashindano hayo katika televisheni asishughulike na mshindi peke yake. Mbio ni mizunguko 53, kila mmoja kilomita 5.793. Atazame kwanza kona ya kwanza, mahali ambapo magari hupunguza mwendo kutoka zaidi ya kilomita 340 kwa saa hadi chini ya 90 katika sekunde chache. Ajiulize nishati ile yote imekwenda wapi. Zamani yote iliishia katika breki ikawa joto. Kwa kanuni za mwaka 2026, karibu nusu ya nguvu ya gari yatakiwa kutoka katika umeme, na sehemu kubwa ya umeme huo hupatikana kwa kuinasa nishati hiyo wakati wa kufunga breki. Kisha atazame uzio, changarawe za kuyapunguzia magari mwendo, na gari la daktari likifuata nyuma katika mzunguko wa kwanza. Kila kimojawapo kina kaburi lililokitangulia.

Mwalimu asiyekuwa na televisheni anayo baiskeli. Wanafunzi wapime umbali wa kusimama kwa mwendo fulani, kisha kwa mwendo maradufu, wakifunga breki kwa nguvu ile ile. Wataona umbali unakaribia kuwa mara nne. Hiyo ndiyo Monza ya uwanja wa shule.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wa wanafunzi wasomao ukurasa huu. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kila ajali kubwa ya basi ichunguzwe na mafundi na wanasayansi, na taarifa yao itangazwe kwa wananchi ili isomwe hata madarasani. Kusema tu “mwendo kasi” au “uzembe wa dereva” hakutoshi. Tuambiwe breki zilikuwaje, tairi zilikuwaje, viti viling’oka au havikung’oka, na majeruhi walimfikia daktari baada ya saa ngapi.

Simdharau aliyetunga msemo wetu. Neno “ajali” lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyoandikwa. Wazee waliposema ajali haina kinga, walizungumzia siku hiyo, ambayo hakuna anayebishana nayo. Breki iliyokatika hawakuitaja, wala mkanda uliopigwa fundo. Sisi ndio tuliolichukua neno la kuwafariji wafiwa tukalifanya udhuru wa wenye mabasi.

Nilipopanda basi wiki iliyofuata niliingiza mkono chini ya kiti, nikafungua fundo, nikajifunga. Kijana wa shule aliyeketi jirani yangu alinitazama kwa muda, kisha akainama kuutafuta wa kwake.