Dunia Inayoyumba na Maji ya Uluguru



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mzee mmoja alitusogelea na swali ambalo hatukuwa na jibu lake papo hapo. Alikuwa amesikia redioni kwamba dunia yenyewe huyumba na kubadili mvua. “Kama Mungu aliipanga iyumbe,” akasema, “sisi na miche yetu tunahangaika nini?”

Alichosikia ni kweli. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na majira ambayo dunia hulikaribia jua hubadilika katika mzunguko wa miaka kati ya 19,000 na 23,000. Siku hizi tunalikaribia zaidi mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ilikuwa katikati ya mwaka. Kiangazi cha kaskazini kikawa na jua kali zaidi, nchi kavu ikapata joto, ikavuta pepo zenye unyevu kutoka baharini. Sahara ikawa na majani, maziwa na viboko. Ziwa Turkana, ambalo leo limezungukwa na jangwa, lilipanda karibu mita 100 na maji yake yakamwagikia Mto Nile. Miaka 5,000 hivi iliyopita ukame ulikuwa umerudi, na hakuna mwanadamu wa kulaumiwa.

Lakini tuitazame milima yetu. Wataalamu walichimba tope la kinamasi cha Deva-Deva, juu kabisa Uluguru, wakasoma chavua za mimea za miaka zaidi ya 40,000. Katika zama za baridi kali na ukavu, ambapo hata Ziwa Victoria lilikauka lote kabla ya kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, msitu wa Uluguru ulipungua lakini haukutoweka. Bahari ya Hindi iliendelea kuuletea ukungu na mvua.

Sasa tupige hesabu. Umri wa miaka 70 ni sehemu ndogo mno ya mzunguko ule. Basi, babu akikuta kijito kinatiririka mwaka mzima na mjukuu akikuta mawe, sababu si kuyumba kwa dunia. Tutafute karibu zaidi: moto wa mashamba, mkaa, kilimo cha mteremko bila matuta, na moshi wa viwanda vya mataifa ya mbali unaoipasha dunia joto kwa kasi.

Hata hivyo, hatukubaliani na wanaomtwika lawama zote mkulima wa Mgeta au Matombo. (Mkaa wenyewe unaliwa mjini!) Mto Ruvu, unaoanzia milimani humu, hunywesha Dar es Salaam, Oktoba 2022 ulipopungua, jiji zima liligawiwa maji kwa zamu. Huko Kibungo Juu limewahi kufanyika jaribio la kuwalipa wakulima waliotunza ardhi ya mteremko kwa ajili ya maji hayo. Kwa maoni yetu jambo hilo lilipaswa kuwa utaratibu wa kudumu, si jaribio. Anayekunywa na achangie.

Mzee wetu tumemjibu hivyo. Akatafakari kidogo, kisha akauliza ni nani atakayepeleka ankara hiyo Dar es Salaam.