Juu ya Neno Mtoro

Liko neno moja ambalo waandishi wetu wa historia hulitumia pasipo kulipima, nalo ni mtoro. Twasoma ya kwamba katika Vita Vikuu vya kwanza, vilivyopiganwa katika nchi hii toka Agosti 1914 hata Novemba 1918, wanaume wengi wa Ugogo walichukuliwa kwa lazima kuwa wapagazi wa majeshi, na ya kwamba baadhi yao walikuwa watoro. Neno hili nalipinga. Silipingi kwa sababu ni kali, maana historia haina budi kuwa kali mara nyingine. Nalipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu ladai deni kwa mtu asiyekopa.

Tazama kwanza asili yake. Zamani za utumwa mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Hapawi na mtoro mpaka pawe na mwenye mali. Basi mkulima wa Ugogo alikuwa mali ya nani? Hata katikati ya mwaka 1916 Mjerumani alisema ni wake. Tarehe 29 Julai mwaka ule majeshi ya Jenerali van Deventer yakaingia Dodoma, na Mwingereza naye akasema ni wake. Wa kwanza alimchukuza mzigo ampige wa pili; wa pili akamchukuza mzigo amfukuze wa kwanza. Mwenye kichwa kilichobeba mizigo yote miwili hakuulizwa neno. Mwandishi amwitaye mtoro leo athibitisha hati ya umilikaji ambayo mwenyewe hakuitia saini.

Yatupasa tena kukumbuka kazi yenyewe. Reli ya kati ilipita Dodoma, lakini vita viliiacha reli vikaelekea kusini, katika nchi ya mbung'o, na huko farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mpagazi alipewa mzigo wa kadiri ya kilo 25, akala unga uliosagwa vibaya na kupikwa kwa haraka, akalala katika mvua. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, kichomi na malaria. Kwa upande wa Waingereza peke yake vitabu vyao viliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wako wataalamu waonao ya kwamba hesabu ya kweli yakaribia 100,000. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtu alaumiwa kwa kuikimbia.

Wako watakaonijibu ya kwamba kila dola hulazimisha watu wake wakati wa vita, na ya kwamba Uingereza yenyewe ililazimisha wake. Jibu hili nalikubali, kisha naomba lifuatwe hata mwisho. Sheria ya mwaka 1757 iliagiza ya kwamba wanaume wa Uingereza wenye umri wa miaka 18 hata 50 waandikwe majina katika kila mtaa wa kanisa, na kura ipigwe kuchagua watakaoingia katika jeshi la mgambo. Aliyeangukiwa na kura alikuwa na njia. Aliweza kumwajiri mwingine aende badala yake, au kulipa faini ya paundi 10. Majirani wenye akili wakaanzisha vyama: kila mmoja alitoa shilingi chache kabla ya siku ya kura, na yeyote aliyeangukiwa alichukua fedha zile akajikomboa. Hata hivyo maskini waliona ya kwamba sheria hii ni mzigo wao peke yao, wakafanya ghasia. Na katika Machi 1761 makumi ya watu waliuawa kwa risasi za askari katika mji wa Hexham. Sijasoma mwanachuoni wa kwao aliyemwita mwanachama wa chama kile mtoro. Husemwa alikuwa mtu wa busara.

Ugogo haikupigwa kura. Serikali ilitaja idadi. Idadi ikashuka kwa akida, ikashuka kwa jumbe, na jumbe akatazama watu wake. Kura ni kipofu, haijui tajiri wala maskini. Kidole cha jumbe kina macho. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kidole hicho kilimwona upesi mgeni, yatima, asiye na ng'ombe wa kutoa, na yule aliyewahi kubishana na mkubwa. Hakukuwa na faini iliyoandikwa wala chama cha kukombolea. Mkono mtupu haulambwi. Mtu wa namna hii alibakiwa na chombo kimoja tu, nacho ni miguu yake. Aliingia porini kabla ya kufikiwa, au akahamia kwa jamaa wa mbali, au akautua mzigo usiku njiani akarudi alikotoka. Mwingereza alijiokoa kwa mfuko, Mgogo akajiokoa kwa miguu. Hitilafu ni ya chombo, si ya tabia.

Liko pingamizi zito kuliko hilo, nami sitalipita kando. Idadi ilipotajwa ilikuwa lazima itimie. Aliyekimbia, nafasi yake ilijazwa na jirani. Ni kweli, na yamkini wako waliorudi wakaishi na aibu mbele ya mjane wa jirani yule. Lakini aibu hiyo ni yao na ya majirani zao, nao waliimaliza au hawakuimaliza kwa desturi zao. Haiwi hoja mikononi mwa aliyetaja idadi. Anayetupa watu wawili kisimani kwa kamba moja hana ruhusa ya kumhukumu aliyeishika kamba.

Sasa natazama mashamba. Mvua ya Ugogo ni chache, aghalabu toka Desemba hata Aprili, na katika miezi hiyo uwele na mtama hupandwa na kupaliliwa, ama sivyo mwaka umekwisha. Majeshi yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na mikono ya kulima. Mvua ilipokosa ilikuja njaa ambayo Wagogo waliita Mtunya, na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikaongezeka juu yake. Toka 1917 hata 1920 inakisiwa ya kwamba watu 30,000 walikufa, katika watu 150,000 hivi. Ukame ni mgeni wa mara kwa mara Ugogo, lakini si kila ukame uliomla mtu mmoja katika watano. Basi mwanamume aliyerudi usiku akashika jembe, je, aliikimbia wajibu au aliikimbilia?

Neno moja kwetu sisi wa vyuo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga sheria ya kuwaingiza kwa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa. Walifika Ikulu, Rais Nyerere akawasikiliza, kisha akawafukuza chuoni. Wakarudishwa makwao karibu 400, na baadaye wengi wakasamehewa. Sihukumu hapa kama walikuwa na haki. Nasema tu ya kwamba walikuwa na mabango, na kwa hiyo tumewaandika kuwa waandamanaji. Mtu wa Ugogo hakuwa na bango wala Ikulu ya kuiendea. Kukataa kwake kuliandikwa na nyayo, na sisi tukakusoma kuwa ni utoro.

Sanamu ya Dar es Salaam iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wamo katika maandishi yake, hawamo katika sura yake. Jina la kikosi chao limebaki sokoni Kariakoo, na wengi hununua nyanya pale bila kulijua. Walikufa wakiwa na kumbukumbu haba kiasi hiki. Waliopona wasipewe tusi. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ugogo ilikuwa na kilio cha kutosha. Mwanafunzi atakayeandika habari zao kesho na aandike ya kwamba walikataa, wakarudi kwao kulima. Maneno hayo ni marefu kuliko mtoro, lakini ni ya kweli.