Barua ya Wazi kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa: Ushahidi Utangazwe Pamoja na Uamuzi

Ndugu Mkurugenzi,

Mafuriko yakishaingia majumbani au ugonjwa ukishalipuka, kiongozi anayepaswa kuamua hana nafasi ya kusoma tafiti. Anasoma dokezo la ukurasa mmoja au kurasa mbili lililoandaliwa na wataalamu, kisha anaamua. Ufupi huo siulaumu, kwa kuwa bila huo hakuna uamuzi ambao ungefanyika kwa wakati. Ombi langu ni kwamba dokezo hilo lisiishie kwenye faili. Kila uamuzi mkubwa wa dharura utangazwe pamoja na muhtasari wa ushahidi uliouzaa, kwa Kiswahili, wenye tarehe, unaotenganisha yaliyothibitika na yanayokisiwa, na unaosema ni taarifa gani ikipatikana uamuzi utabadilika.

Nasisitiza mipaka ya ushahidi kwa sababu ndiyo hupotea kwanza. Juni 2020, watafiti wa jaribio la RECOVERY nchini Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayojulikana miaka mingi hospitalini, ilipunguza vifo vya UVIKO-19 kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonekana faida. Sasa fikiria habari hiyo ikitoka kwa mtaalamu kwenda kwa mkurugenzi, kwa waziri, hadi redioni, na kila mmoja akipunguza maneno kidogo. Mwisho wa safari inabaki kwamba dawa ya korona imepatikana. Kilichodondoka njiani ni kile kilichomhusu mgonjwa aliye nyumbani, ambaye angeweza kwenda duka la dawa akanunua kitu kisichomsaidia na kinachoweza kupunguza kinga ya mwili wake. Mwezi huohuo jaribio hilohilo lilionyesha kwamba dawa ya haidroksiklorokwini haipunguzi vifo vya waliolazwa, wakati nchi kadhaa zilikuwa zimeshaiingiza kwenye miongozo ya tiba kwa kutegemea tafiti ndogo. Kiongozi aliyeandikiwa kwamba ushahidi bado ni mdogo na majaribio makubwa yanaendelea angalau angejua kuwa ameshika jambo la muda.

Mfano mzuri tunao kwenye kipindupindu. Oktoba 2022, kwa sababu ya uhaba wa chanjo duniani, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walisitisha utaratibu wa dozi mbili wakati wa milipuko, ikawa dozi moja. Tangazo lao halikuishia hapo. Lilieleza kwamba dozi moja imewahi kufanya kazi katika kukabili milipuko, kwamba ushahidi kuhusu muda wa kinga yake ni finyu, na kwamba kwa watoto kinga inaonekana kuwa ndogo zaidi. Mganga mkuu wa mkoa akisoma maneno hayo anajua kwamba hata baada ya kampeni ya chanjo, maji salama na chumvichumvi za kuongezea maji mwilini lazima vifike kwenye nyumba zenye watoto wadogo. Akiambiwa tu kwamba dozi moja inatosha, anaweza kuhamishia fedha kwingine, na watoto hao ndio watakaolipa.

Wapo watakaosema tafiti za nje hazitufai. Mara nyingine ni kweli, na hilo nalo liandikwe kwenye muhtasari. Lakini ushahidi wa nyumbani upo pia. Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa Unguja na Pemba, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba waliopata dozi mbili walikingwa kwa asilimia 79. Ilikuwa chanjo tofauti na inayotumika zaidi sasa, kwa hiyo matokeo hayo hayahamishwi kama yalivyo.

Pingamizi kwamba dharura haitoi muda wa kuandaa muhtasari lina uzito zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere kina huduma inayowajibu watunga sera kwa muhtasari wa ushahidi ndani ya siku 28 au pungufu. Hiyo ni kasi kubwa, ila mafuriko hayasubiri hata wiki moja. Hata hivyo, maafa yetu mengi si mageni. Kipindupindu hufuata mvua, na ugonjwa wa Marburg uliingia Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Muhtasari wa maswali yanayojirudia unaweza kuandaliwa kabla, ukahuishwa siku ya tukio.

Kuhusu hofu kwamba wananchi wataingiwa na taharuki, tunao uzoefu wa pande zote mbili, wa kunyamaza na wa kueleza. Mei 2020 takwimu za UVIKO-19 zilizotangazwa nchini zilisimama kwenye wagonjwa 509, na nafasi hiyo ikajazwa na uvumi. Mei 2021 kamati ya wataalamu wa UVIKO-19 iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan iliwasilisha taarifa yake na mapendekezo yakaelezwa hadharani. Julai 28 mwaka huohuo chanjo ya UVIKO-19 ikazinduliwa. Wasiwasi haukwisha siku ile, lakini aliyetaka kukubali au kupinga alikuwa na hoja za kitaalamu za kujibu. Na iwapo uamuzi utabadilika baadaye, serikali iliyokwisha kutaja sharti la mabadiliko haitaonekana kigeugeu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeipa nchi muundo wa kuratibu dharura. Ndani ya muundo huo, anzeni na kipindupindu: kaeni na Wizara ya Afya na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mwandae kurasa mbili, mzibandike hadharani kabla ya masika ijayo. Nawaomba mfanye hivyo.