Wapelekeni Watoto Kwenye Bustani za Miti

Siku ya mapumziko ifikapo, wazazi wengi wa mjini hutafuta mahali pa kuwapeleka watoto, na mara nyingi huishia madukani au kwenye uwanja wa mpira. Wachache hukumbuka bustani za miti zilizomo katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Bustani hizo ni mali ya umma, na mafunzo yake yamfaa mwanafunzi, mkulima na mama wa nyumbani sawasawa.

Iliyo mashuhuri kwa upande wa Uganda ni bustani ya Entebbe, kandokando ya ziwa Victoria. Ilianzishwa mwaka 1898, wakati mji huo ulipokuwa makao ya serikali ya kikoloni. Kusudi lake halikuwa starehe. Mimea iliyoletwa kutoka nchi za mbali, kama vile kakao na mpira, ilipandwa hapo kwanza ili ijulikane kama itastahimili udongo na mvua za huku. Leo mgeni hupita chini ya miti mirefu iliyoshikana matawi, akawaona mbega wakiruka na hondohondo wakipiga kelele kileleni. Sehemu moja ya msitu wa asili imeachwa kama ilivyokuwa, na mzazi mwenye busara atamwonyesha mtoto tofauti kati ya msitu uliojiotea na miti iliyopandwa kwa mkono wa mtu.

Nairobi nayo ina bustani yake, jirani na Ikulu, iliyoanzishwa mwaka 1907. Hiyo ilizaliwa na njaa ya garimoshi. Injini za siku zile ziliendeshwa kwa mvuke, na mvuke huo ulitokana na kuni. Misitu ilipoanza kupungua, wataalamu walitaka kujua ni miti gani ya kigeni iwezayo kukua upesi. Garimoshi za kuni zimekwisha, lakini miti iliyojaribiwa ingali imesimama, mingi ikiwa na kibao cha jina, na wakazi wa jiji huja kupumzika kivulini. Huko Rwanda, karibu na chuo kikuu cha mjini Huye, iko bustani ya Ruhande iliyopandwa tangu miaka ya 1930. Ina aina zaidi ya 200 za miti, na mikaratusi ya namna nyingi imo humo.

Hata hivyo, bustani yenye mafunzo makubwa kuliko zote ni ile ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakakusanya hapo mimea ya chakula, ya viungo, ya mbao na ya dawa kutoka pande nyingi za dunia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipozifunga njia za bahari, dawa ya kwinini ya kuwatibu malaria askari wa Kijerumani ilitengenezwa huko huko Amani kwa magome ya mkwinini.

Lakini si kila mgeni aliyepandwa Amani alikaa alipowekwa. Uko mti uitwao musizi huko Uganda, ambako ni mwenyeji wa asili wala haumsumbui mtu. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikua upesi, na hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu mbali na bustani. Msitu wa asili ulipokuja kukatwa magogo na kuachwa na mapengo, musizi uliyajaza mapengo hayo kabla ya miti ya wenyeji kupata nafasi. Ndege hakutenda kosa, na mti nao haukutenda kosa. Ni binadamu aliyeuhamisha mti, kisha akaufungulia mlango kwa shoka.

Milima hiyo hiyo ina kisa cha pili. Katika miamba yenye kivuli na unyevu huota mmea mdogo wenye majani manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao, na mwaka uliofuata ukapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Leo jamaa zake hupambwa madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni, ilhali aina kadhaa za asili zimebaki katika vipande vidogo vya msitu, na kivuli kikiondoka hukauka. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Mtoto aelezwe mapema kwamba ua lijaalo madukani ng'ambo laweza kupotea kwao.

Familia itakayozuru bustani hizi izingatie haya. Ifike asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ichukue maji, chakula chepesi na viatu vilivyofunika kidole. Watoto wapewe daftari na penseli, kila mmoja achague miti mitatu, aandike majina yake, achore majani yake na kupapasa magome. Wakatazwe kula tunda wasilolijua, kuchonga majina kwenye miti na kuwalisha kima, kwa maana kima aliyezoea mkate huja kunyang'anya. Mbegu zisitiwe mfukoni kwenda kuoteshwa nyumbani. Kisa cha musizi chatosha kuwa onyo. Atakaye mche na auombe kwenye kitalu cha idara ya misitu.

Hapo ndipo mwenye nyumba hupata faida yake. Mche ukiwa ndani ya kopo huwadanganya wengi. Hupandwa hatua mbili kutoka ukutani, na baada ya miaka kumi mizizi hupasua msingi na kuziba mfereji. Kwenye bustani ya miti mtu huuona mti ukiwa mzima, akapima kivuli chake kwa hatua na kutazama mizizi yake ilivyotambaa, ndipo akaamua kama uwanja wake unautosha. Vilevile atajifunza kutopanda mkaratusi karibu na kisima au bustani ya mboga, kwa kuwa ni mnywaji mkubwa wa maji.

Liko jambo la mwisho. Ardhi ya wazi katikati ya mji humtamanisha kila mwenye kutaka kujenga. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani, lakini hakunyamaza, na hatimaye mpango huo uliachwa. Bustani isiyotembelewa haina wa kuisemea siku ya kugawanywa. Kwa hiyo familia iendayo kukaa kivulini siku ya mapumziko hustarehe, na papo hapo hulinda mali yake.